Waliacha mwiko kwenye uji: Kijiji kilichozama kwa karibu miaka 2,900

Na MWANDISHI WETU

MTU fulani alikuwa akikoroga uji. Ulikuwa uji wa ngano uliotiwa mafuta ya nyama, ndani ya bakuli la udongo ambalo bado lilikuwa na alama za vidole vya mfinyanzi wake. Mara moto ukazuka. Mpishi akauacha mwiko ndani ya bakuli, akakimbia kuokoa roho yake.

Hakurudi kuuchukua. Wala hakurudi mwingine yeyote wa nyumba ile.

Karibu miaka 2,900 baadaye, wanaakiolojia walilikuta bakuli hilo chini ya matope. Mabaki ya uji yalikuwa yamekauka na kuwa meusi ndani yake. Mwiko wa mti ulikuwa palepale, umeegemea ukingo wa ndani, kana kwamba mwenyewe ametoka tu kwenda kuchota maji.

Hii si hadithi ya kubuni. Ni jambo lililotokea mashariki mwa Uingereza, mahali panapoitwa Must Farm, karibu na mji mdogo wa Whittlesey, katika jimbo la Cambridgeshire. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge walifukua hapo kijiji kizima kilichojengwa juu ya mto katikati ya kinamasi, kikaungua, kikaanguka majini na kuzikwa kama kilivyo.

Kwa kawaida, mtu akisikia habari za akiolojia hufikiria makaburi ya wafalme, dhahabu na majumba ya mawe. Must Farm hapakuwa na mfalme. Palikuwa na watu wa kawaida, wenye sufuria zao, mashoka yao, mbwa wao na wana-kondoo wao. Na hicho ndicho kilichowafanya wataalamu washangae, kwa sababu maisha ya mtu wa kawaida ndiyo huwa ya kwanza kusahauliwa.

NGUZO KATIKA MACHIMBO

Habari yenyewe ilianza mwaka 1999. Must Farm ni machimbo ya udongo wa kufyatulia matofali. Mwaka huo, nguzo kadhaa za mti ziliyoanza kuoza zilionekana zikichungulia kwenye ukingo wa shimo kubwa lililokuwa limechimbwa na mashine.

Nguzo za mti si jambo la ajabu. Lakini hizi zilitokeza kwenye tope lililokuwa mita mbili hivi chini ya ardhi inayokanyagwa leo, na hapakuwa na mtu aliyekumbuka nani alizisimamisha. Mwaka 2004 na mwaka 2006, kikosi cha wanaakiolojia wa Cambridge kilifanya uchunguzi mdogo na kuthibitisha kwamba zilikuwa za zama za shaba nyeusi, yaani wakati ambapo watu wa huko walitengeneza zana zao kwa mchanganyiko wa shaba na bati, kabla chuma hakijaenea.

Mwaka 2011, katika mkondo huohuo wa mto wa kale, wataalamu walipata mitumbwi tisa. Ilikuwa imechongwa kutokana na magogo, kama ile ambayo wavuvi wetu wa maziwa na mito wanaijua vizuri. Mmoja ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita nane. Mitumbwi hiyo haikuwa ya kizazi kimoja, bali ilizama kwa nyakati tofauti katika muda wa karibu miaka 1,000.

Ndipo wakuu wa turathi za taifa la Uingereza, pamoja na kampuni yenye machimbo hayo, Forterra, wakakubaliana kugharamia uchimbaji kamili. Gharama ilikuwa pauni milioni 1.1. Kazi ilianza mwaka 2015 na kuchukua takriban miezi kumi, ikiongozwa na Bw Mark Knight wa Chuo Kikuu cha Cambridge.

Kuchimba kwenyewe hakukuwa kwa sururu na koleo. Tope liliondolewa kidogo kidogo kwa vijiko na vidole. Mbao zililazimika kunyunyiziwa maji kila wakati zisikauke na kupasuka, na kila kipande, hata kiwe kidogo kama njiti ya kiberiti, kiliandikiwa mahali kilipolala kabla ya kuinuliwa. Matope yenyewe yalichujwa kutafuta mbegu, mifupa ya samaki na vipande vya uzi.

TOPE LISILOOZESHA

Msomaji atauliza: Itakuwaje uzi, mbao na uji vidumu kwa karibu miaka 3,000, hali nguzo ya boma hapa kwetu huliwa na mchwa na kuoza katika miaka michache tu?

Jibu ni hewa. Viini na kuvu vinavyoozesha mti na nguo vinahitaji oksijeni ili viishi. Katika tope laini lililojaa maji yasiyokwenda kasi, oksijeni hakuna. Kitu kikizama humo na kufunikwa upesi, kuoza kwake husimama, au huenda polepole mno.

Must Farm ilipata bahati mara mbili. Kwanza, moto ulikausha na kuunguza vitu vingi vikawa makaa, na makaa hayaozi kwa urahisi. Pili, kabla moto haujamaliza kuviteketeza, nyumba ziliporomoka na kuangukia majini, moto ukazimika. Mto wenyewe ulikuwa wa kina kifupi, wenye majani mengi na mwendo wa kobe. Vitu vilitua taratibu kwenye tope, vikalala chini ya mahali vilipokuwa ndani ya nyumba.

Kwa hiyo wachimbaji waliweza kusoma sakafu ya mto kama ramani. Kilichokuwa upande wa mashariki wa nyumba kilikutwa upande wa mashariki. Sufuria zilizopangwa pamoja zilikutwa pamoja.

Hali hiyo ndiyo iliyofanya magazeti ya Uingereza yapaite mahali hapo Pompeii ya Uingereza, kwa kukumbuka mji wa Italia uliofunikwa na majivu ya mlima wa volkeno mwaka 79 baada ya Kristo.

NYUMBA JUU YA MTO

Wataalamu walipata mabaki ya nyumba nne kubwa za msonge pamoja na jengo dogo la pembe nne. Zote zilisimama juu ya nguzo, sakafu zikiwa karibu mita mbili kutoka usawa wa maji. Baadhi ya nyumba ziliunganishwa kwa madaraja ya mbao, na kijiji chote kilizungukwa na ua wa nguzo zilizochongwa ncha, wenye kimo cha mita mbili hivi.

Nyumba hizo nne ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ya kijiji ililiwa na mashine za machimbo katika karne ya 20, kabla mtu yeyote hajajua kilichokuwa pale. Watafiti wanakisia kwamba kijiji kizima kilikuwa na ukubwa mara mbili ya uliofukuliwa, na huenda wakazi wake walifika watu 60.

Mkenya akiziona picha zilizochorwa za nyumba hizo hatakosa kutabasamu. Ni nyumba za duara, kuta zake zimesukwa kwa fito na paa lake limechongoka juu. Tofauti iko kwenye paa. Hilo lilikuwa na tabaka tatu: nyasi kavu ndani, juu yake mabamba ya udongo yenye majani yaliyomea, na juu kabisa udongo wa mfinyanzi. Paa la namna hiyo liliweka joto ndani wakati wa baridi kali na kuzuia mvua, na bado hewa ilipita.

Nyumba iliyohifadhika vizuri kuliko zote ilikuwa na nafasi ya karibu mita 50 za mraba. Hiyo ni nyumba kubwa kuliko vyumba vingi ambamo familia za miji yetu zinaishi leo.

Kwa nini wajenge juu ya maji, hali nchi kavu haikuwa mbali? Eneo hilo, ambalo Waingereza huliita Fens, wakati ule lilikuwa kinamasi kikubwa, na mto ndio uliokuwa barabara. Aliyekaa juu ya mto alikaa barabarani, palipopita mitumbwi, habari na bidhaa. Mashamba na malisho yao yalikuwa kwenye nchi kavu, na huko walikwenda kulima, kuchunga na kuwinda, kisha wakarudi majini kulala.

Kwamba hawakuwa watu wa maji peke yake kunathibitishwa na gurudumu la mbao lililopatikana mapema mwaka 2016. Lilikuwa na kipenyo cha karibu mita moja, nalo ndilo gurudumu zima la zamani zaidi lililowahi kupatikana Uingereza. Gurudumu halina kazi juu ya mto. Bila shaka lilikuwa la gari la kukokotwa huko nchi kavu.

NDANI YA NYUMBA

Jambo lililowafurahisha watafiti kuliko yote ni kwamba kila nyumba ilikuwa kamili. Kwa jumla walipata vyombo 128 vya udongo, karibu vitu 200 vya mbao, zaidi ya vipande 150 vya nyuzi na nguo, na zaidi ya vitu 90 vya shaba nyeusi.

Vyombo vya udongo vilikuwa vya kila kipimo, tangu vikombe vidogo hadi mitungi mikubwa ya kuwekea akiba. Vingine vilitengenezwa makusudi ili kimoja kiingie ndani ya kingine na kuokoa nafasi, kama seti ya sufuria zinazouzwa madukani siku hizi.

Kulikuwa na ndoo ya mbao iliyowashangaza kidogo wachimbaji. Kitako chake kilijaa alama za kukatwakatwa. Walipofikiri wakaelewa: mwenye nyumba alikuwa na mazoea ya kuigeuza ndoo juu chini na kukatia vitu juu yake. Nani kati yetu hajawahi kuona sinia au kifuniko cha sufuria kikifanywa ubao wa kukatia mboga?

Palikuwa na mundu za kuvunia, mashoka, patasi na nyembe za kunyolea. Palikuwa na vizito vya kufumia nguo na nyuzi zilizoviringwa tayari kwa kazi. Nguo zenyewe zilikuwa za kitani, nyingine zikiwa na marinda na nyingine zikiwa na matamvua pembeni. Uzi mwembamba kuliko wote ulikuwa na unene wa unywele wa mtu mwenye nywele nene. Hawa ni watu ambao vitabu vya zamani vya historia vingewaita washenzi.

Mikuki nayo ilikutwa imewekwa pamoja, mipini yake ikiwa na urefu wa zaidi ya mita tatu. Huenda ilikuwa ya kuwindia, huenda ya kujilindia.

Chini ya nyumba moja, wachimbaji walipata shoka likiwa na mpini wake. Halikuonekana kuwa limeanguka kwa bahati mbaya. Wanadhani liliwekwa pale kwa makusudi nyumba ilipokamilika, ama kama alama ya heri au kama sadaka kwa mizimu. Wazee wetu wengi wangelielewa jambo hilo bila kuelezwa.

Palikuwa pia na fuvu la kichwa cha mwanamke mtu mzima. Halikuwa la mtu aliyekufa katika moto ule. Lilikuwa limelainika na kung'aa kama kitu kilichoshikwashikwa na mikono kwa muda mrefu. Huenda lilikuwa kumbukumbu ya mpendwa wa jamaa, iliyowekwa nyumbani.

CHAKULA CHAO, NA MINYOO YAO

Watu wa Must Farm hawakulala njaa. Walikula nguruwe mwitu, kondoo, samaki, ngano na shayiri. Walikula pia nyama ya ayala, mnyama wa porini mwenye pembe za matawi. Uchunguzi wa kemikali kwenye vyombo vyao ulionyesha dalili za asali pamoja na nyama ya mnyama wa aina ya ayala. Yaani hata mapishi ya nyama iliyopakwa asali, ambayo leo huuzwa kwa bei ya juu mahotelini, waliyajua.

Mbwa wao walikula makombo. Hilo limejulikana kwa njia ambayo huenda ikamkirihi msomaji aliyeko mezani: kinyesi cha mbwa na cha watu kilikutwa kimehifadhika matopeni, na wataalamu wakakipima.

Ndani yake mlikuwa na mayai ya minyoo. Kulikuwa na tegu wa samaki, ambaye akikomaa tumboni mwa mtu aweza kufika urefu wa mita kumi, na mnyoo mkubwa wa figo, ambaye aweza kufika mita moja. Minyoo hiyo humwingia mtu anayekula samaki, vyura au konokono wa maji baridi bila kuwapika vizuri. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2019.

Kwa hiyo, pamoja na nguo zao nzuri na asali yao, wakazi hao walikuwa na adui tumboni. Walimwaga taka na kinyesi mtoni chini ya sakafu zao, na mto huohuo ndio uliowalisha. Hili ni fundisho ambalo wauguzi wa vituo vya afya kando ya maziwa yetu bado wanalirudia kila siku.

SHANGA ZA MBALI

Katika mabaki ya nyumba hizo mlikutwa pia shanga za kioo na za kaharabu. Kioo hakikutengenezwa Uingereza wakati huo. Uchunguzi ulionyesha kwamba baadhi ya shanga hizo zilitoka mbali sana, nyingine hadi upande wa nchi ambayo leo ni Iran.

Hapana shaka hakuna mtu wa Must Farm aliyefunga safari hadi Iran. Shanga husafiri kwa mikono ya watu, kutoka kijiji hadi kijiji na mtumbwi hadi mtumbwi, kwa miaka mingi. Watu wa pwani yetu, ambao mababu zao walipokea shanga za kutoka ng'ambo ya bahari kwa karne nyingi, wanajua vizuri jinsi kitu kidogo kinavyoweza kwenda mbali kuliko mwenye kukitengeneza.

Hata shaba nyeusi yenyewe haikuwa ya pale. Ndani ya kinamasi hamna madini ya shaba wala bati. Kila shoka na kila mundu ulikuja kwa biashara.

MWAKA MMOJA TU

Sasa tufike kwenye jambo la kuhuzunisha. Mtu akiona nyumba zilizojaa vitu hivi vyote atadhani watu hao walikuwa wamekaa pale miaka na miaka. Sivyo. Kijiji hicho kiliungua kabla hakijatimiza mwaka mmoja.

Wataalamu walijuaje? Walisoma dalili, kama vile mpelelezi anavyosoma dalili mahali palipotendeka kosa.

Kwanza, mbao. Mti kila mwaka huongeza pete moja ndani ya shina lake. Pete za nguzo za mwaloni zilionyesha kwamba miti ilikatwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo nyumba zote zilijengwa pamoja. Tena mbao zilikuwa bado mbichi zilipoungua.

Pili, wadudu. Nyumba ya miti ikikaliwa kwa muda huingiwa na wadudu wanaotoboa mbao na wale wanaopenda kuishi na watu. Humo wadudu hao hawakuonekana.

Tatu, taka. Rundo la takataka lililoanguka chini ya nyumba lilikuwa dogo, la miezi tu.

Nne, wana-kondoo. Mifupa yao iliyoungua ilionyesha kwamba walikuwa na umri wa kati ya miezi mitatu na sita, nao walikuwa ndani ya nyumba. Huko Uingereza kondoo huzaa baridi inapokwisha. Kwa hiyo moto uliwaka mwishoni mwa msimu wa joto au mara tu baada yake, karibu mwaka 850 kabla ya Kristo.

Mifupa ya watu waliokufa katika moto huo haikupatikana. Inaelekea watu wote walitoka salama. Lakini walitoka mikono mitupu. Mashoka, nguo, shanga na akiba yote ya chakula vilibaki. Wana-kondoo walibaki wakiungua.

Moto ulianzaje? Hata baada ya wachunguzi wa mioto ya siku hizi kualikwa, jibu la uhakika halikupatikana. Huenda ilikuwa ajali: cheche moja jikoni, na nyumba za fito na nyasi zilizopakana zikashika moja baada ya nyingine kwa dakika chache. Huenda walikuwa maadui.

Wanaofikiri ni maadui wana hoja moja nzito. Maji yalikuwa ya kina kifupi. Mtu angeweza kuingia siku iliyofuata na kuopoa shoka lake, maana shaba nyeusi ilikuwa mali. Lakini hakuna aliyerudi kuopoa chochote. Je, walikatazwa? Walifukuzwa? Au waliona kwamba mahali palipowaangamiza pameingia nuksi, wakaamua kwenda zao?

Yeyote aliyewahi kuunguliwa na nyumba, au aliyesimama usiku kando ya mtaa wa mabanda unaowaka akimtafuta mtoto wake kwa jina, anaweza kuwaona watu hao. Wamesimama ukingoni mwa mto, wanatazama kazi ya mikono yao ya mwaka mzima ikiporomoka majini. Historia haikuandika majina yao. Tope ndilo lililowaandika.

VINAMASI VINGINE, VITABU VINGINE

Must Farm si mahali pa kwanza pa namna hii. Katika majira ya baridi ya mwaka 1853 kuingia 1854, maji ya Ziwa Zürich huko Uswisi yalipungua mno, na nguzo za kale zikaonekana mahali panapoitwa Obermeilen. Mtaalamu Ferdinand Keller alizichunguza na kuueleza ulimwengu kwamba yalikuwa makao ya watu wa kale. Tangu hapo mamia ya vijiji vya aina hiyo yamegunduliwa kuzunguka milima ya Alps, na mwaka 2011 shirika la UNESCO liliingiza 111 kati yake, katika nchi sita, kwenye orodha ya turathi za dunia.

Na Afrika je? Hapa Kenya tuna Olorgesailie na Koobi Fora, mahali ambapo mawe yaliyochongwa na mifupa vimetupa sifa duniani kote. Lakini fikiria msomaji: waliochonga mashoka hayo ya mawe hawakutumia mawe pekee. Walitumia pia miti, majani na ngozi. Vyote hivyo vimeoza. Tunachokiona ni sehemu tu ya mali yao, ile isiyooza.

Ni pale palipo na maji tu ndipo mti hubaki. Kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Zambia na Tanzania, mtaalamu Desmond Clark aliona mbao za kale sana alipochimba katika miaka ya 1950. Mwaka 2023, kikosi kilichoongozwa na Profesa Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool kilitangaza kwamba hapo hapo kimepata magogo mawili, moja limekatwa pengo ili lilale juu ya jingine. Umri wake ni angalau miaka 476,000.

Huo ni umri mkubwa kuliko wa binadamu wa aina yetu. Kuna viumbe waliotutangulia ambao tayari walikuwa wakiunganisha miti kujenga kitu, na tope la mto wa Kiafrika likatunza kazi yao.

KINAMASI KIKIKAUKA

Hazina hizi zote zina adui mmoja: ukavu. Maji yakiondoka, hewa huingia. Hewa ikiingia, viini huamka, na kilichodumu miaka 3,000 huisha katika muda mfupi. Nguzo zilizoonekana mwaka 1999 zilikuwa tayari zimeanza kuoza ncha zake.

Nchi ya Fens yenyewe ilianza kukaushwa kwa mitaro mikubwa katika karne ya 17 ili pawe mashamba. Mashamba yakapatikana, tena yenye rutuba sana. Lakini udongo wa kinamasi ukikaushwa husinyaa. Mahali panapoitwa Holme Fen, si mbali na Must Farm, katikati ya karne ya 19 palisimikwa nguzo ya chuma hadi kichwa chake kikawa sawa na ardhi. Leo nguzo hiyo imesimama wazi, karibu mita nne juu ya ardhi. Nguzo haikupanda. Ni ardhi iliyoshuka.

Ni vijiji vingapi vilivyoyeyuka ndani ya mita nne hizo? Hakuna awezaye kuvihesabu. Kimoja kilionekana, tena nusu yake tu, kwa sababu mtu mmoja aliangalia ukingo wa shimo na kujiuliza swali.

Hapa kwetu nako, mtu akiona kinamasi huona mbu, au huona shamba linalosubiri kukaushwa. Wataalamu wa mazingira wametueleza mara nyingi kwamba kinamasi huchuja maji, huzuia mafuriko na hulisha samaki. Must Farm inaongeza sababu nyingine: kinamasi ni ghala. Kilichomo ndani yake hakijulikani mpaka kifunguliwe kwa uangalifu, na kikifunguliwa kwa pupa hakina wa kukirudisha.

Ripoti kamili ya uchimbaji wa Must Farm ilitolewa mwaka 2024 katika majuzuu mawili, na mwaka huohuo baadhi ya vitu vilionyeshwa kwa umma katika jumba la makumbusho la mji wa Peterborough, kilomita chache kutoka mahali vilipopatikana. Watu walipata kutazama mashoka, nguo na shanga.

Kati ya yote yaliyotoka kwenye tope lile, bakuli la uji ndilo lisilohitaji mtaalamu wa kulieleza. Mtoto yeyote anajua maana ya mwiko ulioachwa ndani ya chakula. Maana yake ni kwamba aliyekuwa akipika alitarajia kurudi.